Mukwe, Ngoja Kwanza Seri Ikwishe

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 9 mwezi wa sita

Leo nilipiga bigelegele, kisha nikalia. Yote mbele ya sufuria moja ya maharagi.

Reine, binti yangu mukubwa, aliniambia Chibwe anataka kumuoa. Chibwe! Kijana wa kijiji cha Kabuta, mwenye nyumba ya video hapa ku soko ya Mantapala, fasi yetu ya bakimbizi. Hanywe pombe. Anaheshimu bamama. Anafagia mulango wake yeye mwenyewe. Ni Muzambia, lakini Swahili anajua, na Reine naye anasema Bemba kupita benyewe. Nilimubusu Reine. Nilibusu na mwiko. Kuku zilikimbia.

Kisha Reine akasema Ba Lackson atakuja siku ya ine na nsalamu. Ba Lackson njo muzee mwenye banatuma kwa maneno ya ndoa. Nsalamu ni sahani mbili, moja inafunika ingine, na ndani ushanga mweupe. Tukipokea ile sahani, binti ameshikwa, na mi niko mama mukwe.

Mama mukwe! Yesu wangu! Kwa Babemba, na kwetu ngambo ya ziwa Mweru vile vile, mama mukwe na mukwe habaonane. Yeye akipita mu njia, mi napita mu nyasi. Fasi eko, mi siingie. Mpaka siku banafanya karamu ya kuondoa haya, na ile karamu batu banaingojaka mpaka ndoa ipate mutoto.

Sasa nyumba ya video ni chumba kimoja. Shitingi, plastiki ya hema, pembeni zote. Mulango moja tu. Na Chibwe anakaa mbele na kompyuta yake, anaona kila mutu mwenye kuingia.

Na seri yetu, *Kisima cha Madame Odile*, imebakisha episodi mbili!

Tajiri mwanamuke kule Ulaya, balimukuta mu kisima cha nyumba yake, na bilato bya kucheza ku miguu. Nani alimutupa? Tangu mvua tunaangalia, kila siku ya tano, bamama bote, tunalipa na mihogo. Nikipokea sahani siku ya ine, sitajua. Nitakufa bila kujua.

Njo pale nililia. Reine aliwaza ni furaha. Akanipanguza macho na kitenge yake. Mutoto muzuri. Eh, Mungu wangu.

Siku ya pili, tarehe 10

Usingizi hakuna. Nilimuambia Barthélemy, bwana yangu, mambo yote. Alisema ni rahisi: Mama Débora ataangalia, kisha atakuelezea.

Mama Débora! Kuelezewa mwisho na ule mama ni kula bukari yenye mwingine amesha kutafuna.

Mama Débora ni jirani. Alifika sekondari, njo yeye anatutafsiria Kifaransa kule mu video, na sauti ya nguvu, na anaongeza mafuta yake. Inspekta anasema neno moja, yeye anatafsiri kumi. Siku moja inspekta alikohoa. Alitafsiri na kikohozi.

Yeye anasema muuaji ni dada mudogo wa Madame Odile, juu alilia kidogo sana ku matanga. Mi nasema ni dokta. Juu ya nini? Dokta anaingia mu kila nyumba, banamupa chakula, anakataa. Tangu episodi ya kwanza sijamuona anameza kitu. Mutu mwenye kukataa chakula ya matanga ana kitu mu roho. Mama Débora alinijibu bazungu habakulake ku matanga. Nilimuuliza alizika bazungu gani.

Masomo nilitoka mwaka wa tatu. Lakini alama naziona. Kila mutu ana zawadi yake.

Bon. Mupango ni huu. Nilituma neno kwa Ba Lackson kama Papa ya Reine ameshikwa na malaria kali, hawezi kupokea wageni siku ya ine. Mungu anisamehe. Ni malaria kidogo tu, ya kunifikisha mwisho wa seri.

Barthélemy sikumuambia. Hajuake kudanganya, anachekaka.

Siku ya ine, tarehe 12

Bamama ba kanisa balikuja bote! Na uji, na nyimbo, na ndimu. Na nyuma yao Ba Lackson mwenyewe, kofia mu mukono, anakuja kumupa pole mugonjwa.

Na mugonjwa eko wapi? Eko mu shamba! Nilimuona anakuja mbali mu njia, ku kinga yake, baiskeli ya kizee, mufuko wa mihogo nyuma, anaimba. Nilikimbia nikapita nyuma ya nyumba. Nilimuangusha na kinga yake, na mihogo, na wimbo. Nikamuingiza ku dirisha. Aliniuliza kama kichwa yangu iko sawa. Nikamufunika na mablanketi yote tuko nayo, saa sita ya muchana, na jua.

Bamama balimukuta anatoka jasho kama mutu amepakia boti. Mama moja alisema homa inavunjika, Mungu ni mwema. Ba Lackson alimugusa ku paji, akatosha mukono mbio, akasema huyu ni jiko ya makaa, basi sahani itangoja.

Ilifaulu! Sikuamini mimi mwenyewe.

Lakini Barthélemy balimunywesha uji yote, haina sukari, na kila bakuli iko na maombi yake. Sasa hanisemeshe. Anageukia ukuta kama mugonjwa wa kweli.

Na mangaribi Reine alikuja kukaa karibu yangu, akiteua muchele polepole. Akauliza kama Chibwe simupende. Nilisema nampenda sana! Nilisema kwa nguvu sana. Niliona mu macho yake kama kwa ile nguvu njo hakuamini.

Nilimusaidia kuteua muchele, na mawe niliyaacha ndani. 

Siku ya tano, tarehe 13

Video leo. Chibwe alinisalimia na magoti, mikono ikipiga kidogo kidogo, sawa vile Babemba banaheshimu. Akanipa benchi ya mbele. Nilitaka dunia ipasuke.

Mbele ya seri yetu anatuonyeshaka bingine bidogo bidogo, tuchague ya kufuata nyuma. Kuna ile ya Bakoreya: kijana na binti banapendana, episodi kumi na tano njo banashikana mukono. Naipenda! Pale kuna adabu. Mama Débora anasema ni uvivu. Kuna ile ya bazungu banashindana kupika keki. Mwanaume mukubwa, na ndevu, alilia juu keki yake iliinama. Nililia naye. Ule mama yake alimulea vizuri. Kuna na ile ya nyumba yenye mizimu. Hapana, asante. Batu banasikia kelele mu dari, banapanda kuona ni nini. Kwetu ukisikia kelele mu dari unahama.

Kisha *Kisima*. Mama yangu! Balionyesha dokta anatembea karibu ya kisima na kamba! Nilisimama. Nilisema: munaona? Munaona ule mutu hakulake? Mama Débora akasema kamba ni ya mbuzi. Mbuzi gani? Tangu mwanzo wa seri haikupita mbuzi! Bamama balijigawanya, ba dokta huku, ba dada mudogo kule. Hata Ginette, muzee mwanamuke anapikaka supu mu ile nyumba ya Madame Odile, mutu moja alitaka kumutia mu kesi. Tukakataa bote. Ginette ni mama ya batu bote. Alimupa hata inspekta supu.

Mwisho inspekta akasema juma inakuja atakusanya bote mu salo ya nyumba, atafunga mulango, atataja jina.

Juma moja tu! Bwana, nisaidie kufika pale.

Siku ya posho, ya sita, tarehe 14

Ba Lackson amerudi. Alimuona Barthélemy ku mupira, anakimbia nyuma ya mwamuzi akimutukana. Akasema tunamushukuru Mungu kwa kupona, basi nakuja siku ya pili.

Niliwaza mbio. Nilisema mama yangu muzee eko Pweto, ngambo, na bila yeye kukubali, binti hawezi kushikwa. Na maji iko katikati, na neno linachelewaka. Ba Lackson aliitika kwa heshima, akasema kweli muzee ni muzee, mukwai.

Reine alitosha telefoni, akamutumia sauti mama yangu pale pale.

Chai haikupoa. Mama yangu alijibu! Bigelegele kwanza, birefu kabisa, kisha akasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, na tena banitumie chisense, dagaa kavu. Miaka yote ule mama hajue kufungua telefoni. Leo amejua!

Nikasema basi kuna na kaka yangu Mwamba. Mujomba! Mujomba asipokaa pale, sahani haipokelewe. Ile ni kweli, hata Ba Lackson hawezi kukataa. Mwamba anauzisha samaki Kashikishi, hana wakati. Ba Lackson akasema basi mujomba ataje siku yeye mwenyewe.

Siku ya kwanza naenda Kashikishi kumuomba ataje siku ya nyuma ya seri, mbali kidogo. Kidogo tu. Reine alienda kuosha sahani zenye zilikuwa safi.

Siku ya kwanza, tarehe 16

Naandika na bilato bya safari bado ku miguu.

Nilifika Kashikishi mu kamio, nikamukuta Mwamba ku pwani, anafunga samaki ku kinga za batu ba kupeleka ndani. Chisense imeanikwa fasi yote, huwezi kutia muguu. Nilimuvuta pembeni. Nilimuelezea yote: sahani, mulango moja, dokta, kamba. Alicheka mpaka alishika kinga ya mutu asianguke.

Kisha akaacha kucheka. Akasema geuka, lakini polepole.

Mbele kidogo, pa meza yake ya samaki, alikuwa Ba Felistus. Shangazi ya Chibwe, yeye njo alimulea. Nilienda kumusalimia na mikono mbili. Aliitikia samaki, hakunitazama mimi. Kisha akamuambia mununuzi wake, na Bemba ya nguvu, na Bemba mi nasikia: batu ba ngambo tuliwapa fasi ya kulima, leo banatuchagua. Leo baba mugonjwa, kesho nkambo muzee eko mbali, kesho kutwa mujomba hana wakati. Kama ni hapana, baseme hapana! Sisi hatukosi. Kule Kabuta kuna Chipo, anafundisha shule, na mama yake hanaka bagonjwa mu nyumba.

Mununuzi aliuliza kama samaki ni ya leo.

Chipo! Na Reine wangu, mwenye kuosha sahani safi! Nilitaka kumuelezea Ba Felistus, lakini nitaelezea nini? Kama sikatae mukwe, nangoja tu muuaji?

Mwamba alinikalisha ku mutumbwi moja. Akasema: dada, uko na binti moja na maiti ya muzungu moja. Kati yabo, wako ni nani?

Jibu nilikuwa nalo, lakini nilichelewa kidogo kulitoa, na Mwamba aliona.

Alipanda kamio pamoja nami, na kitunga ya samaki. Nililia njia yote mpaka Mantapala. Batu baliwaza nimefiwa. Balinipa pole. Nilipokea.

Siku ya tatu, tarehe 18

Tulipokea sahani.

Ba Lackson alikuja na koti, akakaa ku mukeka, akasema alipoteza mbuzi na nyayo zinaingia kwetu. Mwamba alijibu vizuri, Barthélemy alijibu vizuri, hata kama mi hajanisamehe uji. Balimuita Reine. Alifunua sahani ya juu na mikono mbili, aliona ushanga, akafunika, akamupa mujomba. Uso yake! Kama mutu amebeba taa ndani ya mudomo. Nilifurahi. Nasema kweli. Kwa ile saa yote sikumukumbuka Madame Odile hata mara moja. Labda moja.

Ba Lackson akaniambia: mayo, mama, tangu leo, mu njia, unajua. Nilisema najua.

Na haikukawia. Nilienda ku bomba ya maji, na Chibwe huyu anatokea pa pembe ya kanisa. Nilijitupa mu mihogo! Yeye alijitupa nyuma ya choo! Tulingoja. Nikawaza ameenda, nikatoka. Na yeye aliwaza nimeenda, akatoka. Nikarudi mu mihogo, akarudi ku choo. Ile ilifanyika mpaka batoto ba ku bomba balianza kupiga makofi kila tukitoka. Nilirudi bila maji.

Ni vizuri. Ni heshima. Mukwe wa namna ile hapatikane.

Kesho kutwa ni siku ya tano. Mi haiko neno yangu tena. Niko na amani. Nitapika sombe, majani ya mihogo.

Lakini nawaza kitu kimoja. Haya ni ya macho. Kama mukwe hajue ni mimi, haya inaingilia wapi?

Siku ya tano, tarehe 20

Aibu! Aibu mukubwa! Nitaandika yote, juu kuandika ni vizuri kupita kulala na uso mu muto ya kitanda kama ninavyofanya tangu mangaribi.

Nilivaa koti mukubwa ya Barthélemy, ile ya mvua, na kofia yake ya shamba mpaka ku macho, na suruali yake, na bilato byake. Nikakamata fimbo. Niliingia nyuma ya bamama, nikakaa pembeni, benchi ya mwisho. Chibwe hakuinua kichwa.

Lakini siku ya tano ni siku ya bamama! Hakuna mwanaume! Bote baligeuka kunitazama. Mama Débora alisema na sauti chini, ile yake chini yenye inafika Kabuta, kama ule muzee hamujue, bamama bashike bikapu byabo.

Na Chibwe, sababu ana adabu, alikuja. Alikuja! Na kiti ya plastiki, ile yake mwenyewe. Akapiga magoti, akanisalimia: muzee, mwapoleni, benchi itakuvunja mugongo, njoo mbele. Nilitikisa kichwa. Akaweka kiti mbele kabisa, pa kompyuta, akaningoja. Bote bananitazama. Nilienda. Nilikaa. Mukwe wangu alisimama nyuma yangu, karibu kama kanzu na mugongo. Jasho ilinitoka kupita ya Barthélemy.

Seri ilianza. Nikasahau yote. Ile ni makosa ya seri, ni muzuri sana.

Inspekta alibakusanya mu salo. Alifunga mulango. Alizunguka, akisema, na Mama Débora akitafsiri na mafuta. Alisimama mbele ya dada mudogo. Akamuacha! Mama Débora alinyamaza, kwa mara ya kwanza tangu nimujue. Inspekta akatembea, akasimama mbele ya dokta. Akamutazama. Akafungua mudomo.

Na mimi nikafungua wangu. Nilisimama ku kiti, na fimbo juu, nikalia: Ni dokta! Nilisema ni dokta! Mutu hakulake!

Kofia ilianguka.

Sauti yangu batu bote ba Mantapala banaijua. Nilimuita Reine nayo miaka yote. Nyuma yangu nilisikia kama mutu amemeza mufupa. Nilisahau, nikageuka. Tukaonana! Macho na macho! Chibwe alivuta shati mpaka juu ya kichwa asinione, apate kukimbia. Lakini kati yake na mulango kuna bamama bote, na upande ingine kuna mimi. Basi alipita mu ukuta. Alipasua shitingi ya nyumba yake mwenyewe, waya imemushika muguu, kompyuta inamufuata nyuma kama mbuzi ya kweli.

Ekrani ikawa nyeusi. Inspekta mudomo wazi.

Hakuna mutu alijua jina. Bamama hawakunipiga, juu beko Bakristo. Lakini baliangalia fimbo yangu muda murefu.

Siku ya yenga, tarehe 22

Ku kanisa sikuenda. Nilisema niko na malaria. Hakuna mutu alileta uji.

Chibwe alienda mpaka Kabuta na shati ku kichwa, banasema. Video imefungwa. Reine amejifungia. Kupitia mulango nilimuambia nitarekebisha. Alijibu mama, tafazali, usirekebishe kitu.

Ba Lackson alikuja muchana. Akasema ile kosa ina dawa yake: kuku mbili, moja ya mukwe, moja ya shangazi, na maneno ya kuomba musamaha. Lakini kama Ba Felistus atapokea, yeye hajue. Nilimupa jogoo langu muzuri na kuku mweusi mwenye kutaga. Nilishika miguu ya Ba Lackson. Nilimuambia aseme kweli yote, hata kisima, hata dokta. Aseme simukatae mutoto wabo. Aseme mi ni mujinga tu.

Sasa nangoja. Nikisikia kengele ya kinga, roho inapanda mpaka ku meno. Kama Chipo atamukamata Chibwe juu ya mimi, nitaenda kuishi mu kisima mi mwenyewe.

Siku ya tatu, tarehe 25

Balipokea!

Ba Lackson anasema alipoanza kuelezea, Ba Felistus alikuwa amekaza uso kama samaki kavu. Alipofika ku koti na fimbo, alianza kutetemeka. Alipofika ku shitingi kupasuka, alianguka juu ya meza yake, alicheka mpaka balimupepea na kifuniko. Akasema mama mwenye kuvaa suruali na kuja kukaa mu kazi ya mutoto wake, ule hatuzarau, ule anatupenda kupita kipimo. Jogoo akalipika siku ile ile. Chipo, alisema, ana mama mwenye kuchosha.

Nilipiga magoti pale pale mu majivu.

Na bado! Chibwe alituma Reine na telefoni. Ndani amenitilia episodi ya mwisho, yote, yangu peke yangu. Na neno: mama aangalie ku nyumba, pole pole, bila koti. Mukwe wa namna gani huyu? Nililia. Reine alicheka, kwa mara ya kwanza. Alinilalia ku bega, tukaangalia pamoja na Barthélemy, mwenye amenisamehe.

Inspekta alimuacha dokta. Akageuka, akamutaja Ginette.

Ginette! Muzee wa supu! Wapi! Haiwezekane! Banasema Madame Odile alitaka kumufukuza. Ginette mwenyewe alikubali, na kilio. Balimusukuma, balimutisha, njo alikubali. Mutu mwenye kupika supu namna ile hawezi kutupa mutu mu kisima. Polisi ilikosea. Dokta alisimama pembeni pale, hakukula kitu mpaka mwisho!

Na chini baliandika: sezoni ya pili, mwezi wa munane. Munaona? Batakata kesi tena.

Siku ya posho, tarehe 28

Nilitubu kabisa. Sitajificha tena, sitadanganya tena. Sasa nafanya mu njia ya mila.

Telefoni Chibwe aliichukua tena, ni ya kazi. Basi mwezi wa munane nitaangalia wapi? Kuna dawa moja: karamu ya kuondoa haya. Mama mukwe anapika, mukwe anakula mbele yake, imekwisha, benchi ya mbele ni yangu. Lakini mbele ya karamu lazima harusi. Nilimuita Ba Lackson. Nilisema harusi ifanyike mbio, mwezi huu unakuja, na karamu nyuma yake pale pale. Aliuliza haraka ni ya nini. Ya seri sikusema, nilisikia haya. Nilisema kuna sababu, mi mama naijua, asiniulize.

Akasema lakini mayo, ile karamu banangojaka mutoto. Nilisema kama ni juu ya mutoto basi asihangaike, mutoto hatachelewa, Reine ni binti mwenye afya!

Ba Lackson alitazama chini. Akasema amesikia, asante kwa kumuamini. Alipanda kinga mbio, alisahau kofia.

Unaona? Ukisema na batu kwa adabu, banakusaidia.

Siku ya ine, tarehe 3 mwezi wa saba

Harusi imebakisha juma mbili tu! Bote balikubali bila hata kubishana. Ba Felistus alituma samaki mabichi ya Reine, na neno kama Reine asibebe maji, asiiname, ale sana. Ni shangazi muzuri. Pastere alikuja jana kutuombea, alisema mambo mengi ya kusamehe vijana, alimushika Barthélemy bega muda murefu. Barthélemy aliniuliza nini iko. Nilisema ni furaha ya kanisa.

Reine peke yake haelewe. Anauliza juu ya nini ku bomba bamama bote banamunyanganya ndoo. Nilisema ni heshima ya bibi-arusi.

Leo Mama Débora alikuja, anatabasamu pembeni, akaniambia yeye alijua tangu zamani, alimuona Reine anakula udongo wa kichuguu. Kila mutu hapa anakulaka udongo! Nilimuambia yeye njo alisema ni dada mudogo, basi asinifundishe kusoma alama. Aliniachia zawadi, amefuma yeye mwenyewe na uzi mweupe. Kofia. Lakini ile mama hajue kupima: ni mudogo sana, haingie ku kichwa ya mutu yeyote mu hii nyumba.

Nimefunika nayo chupa ya chai. Inaenea vizuri.